Mahali Ambapo Mto Hausikii

Utotoni mwangu, kijijini kwetu ukingoni mwa Mto Luama, upande wa Kabambare, kulikuwa na mwiko mmoja ambao hata walevi waliuheshimu: mtu aliyechukuliwa na maji haliliwi mahali ambapo mto unasikika. Ungeweza kumlilia aliyekufa kwa homa, kwa nyoka au kwa uzee mpaka sauti ikauke. Kwa aliyekwenda na mto, ilibidi unyamaze. Koko, mama mzaa mama yangu, alinieleza sababu mara moja tu, na aliieleza kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza habari mbaya. Alisema mto hauoni, lakini unasikia. Ukisikia kilio, unajua nyumba gani ina watu wanaopendwa sana, nao hurudi kwenye nyumba ile ile.

Mimi nimesoma. Najua mvua inavyoanguka kwenye milima ya mashariki, najua miti iliyokatwa kule juu na udongo unaoshuka. Ukiniuliza nitakuchorea. Lakini nikikaa karibu na maji yanayokwenda kasi, hadi leo huwa nashusha sauti.

Mwaka ule mimi, Feza, nilikuwa na miaka tisa. Mto ulipofika kwetu jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu, na ndiyo maana hakuna aliyejihadhari. Mimi nilikuwa shuleni, juu barabarani. Mama alikuwa shambani na mdogo wetu Neema mgongoni, mtoto wa miezi mitano. Baba alikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kama kawaida yake. Nyumbani alibaki Koko na mdogo wangu Omari, wa miaka minne, aliyekuwa amelala ndani kwa sababu ya homa. Koko alikuwa nyuma ya nyumba, penye mwinuko, anageuza mpunga aliouanika kwenye mikeka.

Masikio ya Koko yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Sisi tulimcheka kwa hilo, tulimwita tukiwa nyuma yake halafu tunajificha. Siku ile watu wote wa chini walisikia ngurumo kama ya lori linalopanda mlima, wakakimbia wakiita wengine. Koko hakusikia. Alipogeuka na ungo wake mkononi, maji yalikuwa yamejaa ndani ya nyumba na kuta za udongo zilikuwa zinaanguka moja moja.

Waliokufa kwenye nyumba nyingine walipatikana kwenye matete siku zilizofuata, wakazikwa. Omari hakupatikana.

Basi tukaanza maisha ya ajabu ambayo mgeni asingeyaelewa. Kijiji kizima chenye msiba kilikuwa kinacheka. Wamama walitwanga mpunga wakiitana kwa sauti kubwa, walitaniana, waliimba nyimbo za harusi mchana kweupe. Tulifanya hivyo ili mto usikie furaha, udhani kwamba haukuchukua kitu cha maana hapa. Nakumbuka mama mmoja aliyepoteza mume wake akisimulia kichekesho huku mwiko wake wa kusongea ukimponyoka.

Baba alifika kutoka Salamabila kwa pikipiki baada ya siku nne, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwetu mtu anayekuja msibani huanza kulia akiwa njiani, ili wenye msiba wajue wamepata msaidizi. Baba akashuka, akafungua mdomo. Shangazi zangu wawili walimrukia, mmoja akamziba mdomo kwa kitenge.

"Hapana hapa, Baba Feza! Hapana hapa!"

Alipigana nao kidogo, halafu akalegea. Kitenge kilipotolewa aliuliza kama kuna chakula. Akala, akacheka na shemeji zake, akatusimamishia nguzo za kibanda kipya, na baada ya wiki mbili akarudi Salamabila. Nilimchukia kwa kicheko kile muda mrefu sana. Nilikuwa mtu mzima nilipokutana na rafiki yake mmoja wa machimboni, akanieleza kwamba Baba alishuka ndani ya shimo, akakaa humo siku nzima, na wenzake waliokuwa juu walimsikia akilia, wakamwacha bila kumuuliza kitu.

Mama hakuwa na shimo la kushukia. Alifanya kazi zake zote, alitwanga, alisonga, alifagia, na akisalimiwa aliitikia. Ila maziwa yake yalianza kukauka. Neema alinyonya, akaachia, akalia, akashika tena. Tulimpa uji mwepesi wa mchele, akautapika. Shingo yake ikawa nyembamba na macho makubwa. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima, akamwangalia Mama, halafu akamvuta Koko pembeni. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Koko, maziwa haiko mu titi tu. Iko mu kichwa pia. Uyu mama iko na kitu amefunga ndani. Kama haifunguke, uyu mutoto hatafika wakati ya jua."

Alimaanisha kiangazi. Koko aliitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa amesikia, siku hiyo.

Kisha wakaja watu wa jile. Walitoka Kasongo, mwanamume mwenye daftari na dada mmoja kijana, wote wamevaa majile, vizibao vya rangi ya chungwa. Walikuja kutuliza mioyo ya watu, ndivyo chifu alivyotangaza. Naomba nisiwacheke sana, maana leo na mimi nina jile langu limetundikwa nyuma ya mlango. Walikuwa watu wazuri na walitembea siku mbili. Lakini walitafuta mahali pasafi na tambarare pa kukalisha wamama, na mahali pekee palikuwa sakafu ya saruji ya kanisa letu, ambalo kuta zake zilikwenda na maji. Wakafunga turubai juu yake. Kutoka hapo mpaka mtoni ungeweza kurusha jiwe likaanguka majini.

"Wamama," yule mwanamume akasema, "semeni yote yenye iko mu roho. Hapa hakuna mutu wa kuwacheka."

Wamama wakaangaliana. Luama ulikuwa unapita nyuma yake, tunausikia wote.

"Tuko muzuri," Mama akasema.

"Tuko muzuri, tunashukuru Mungu," wakaitikia wengine, na mmoja akaanzisha wimbo, wakapiga makofi. Yule bwana aliandika kwa muda mrefu. Nadhani aliandika kwamba wanawake wa hapa wana mioyo migumu na wamekwisha kupona. Hata mimi ningeandika hivyo.

Dada kijana yeye alikaa na watoto. Alitupa karatasi na kalamu za rangi, akasema tuchore chochote. Mimi nilichora Omari amelala. Akainama juu ya karatasi yangu, akauliza ni nani, nikamwambia. Macho yake yakajaa maji.

"Kulia haiko mubaya, sheri," akaniambia taratibu. "Machozi ni dawa. Ulie tu."

Watoto wengine walisogea mbali naye. Mimi sikusogea. Alikuwa msafi, ananukia sabuni, amesoma, na aliniita sheri, yaani mpendwa. Nikamwamini.

Walipoondoka, nilikwenda kwenye mawe ya mtoni ambapo Mama alizoea kuloweka mihogo. Nikapiga magoti, nikalia kwa sauti yangu yote. Niliita jina la mdogo wangu. "Omari, njo! Njo tule!" Nililia mpaka nikatulia, na nasema kweli, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Nikanawa uso kwa maji yale yale, nikarudi nyumbani kusaidia kuchuma sombe, majani ya mihogo.

Siku ya tatu, asubuhi, mto ulipanda tena.

Safari hii watu walikuwa macho, hakufa mtu. Maji yalichukua turubai, yakapasua sakafu ya kanisa, yakala jiko jipya la Mama na kuku wawili. Yalipanda mpaka kwenye kizingiti cha kibanda ambamo Mama alikuwa amekaa na Neema, yakasimama hapo kwa muda, halafu yakashuka. Koko aliutazama ule mstari wa tope mlangoni.

"Imekuja kutafuta," akasema.

Kwa siku mbili sikuweza kumeza kitu. Nilimtazama Mama na Neema nikijua kwamba mto umewajua, na kwamba aliyeuonyesha njia ni mimi. Siku ya tatu nilimfuata Koko alipokuwa anapepeta mpunga.

"Koko, ni mi nililia."

Aliweka ungo chini. "Ulilia wapi?"

"Pale tunalowekaka mihogo."

"Ulimuita jina?"

"Ndiyo."

Nilingoja kofi. Nilidhani hakunisikia, nikataka kurudia. Ndipo akanishika mkono, akanivuta karibu, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na roho yako ilipoa?"

"Ilipoa, koko."

Akainuka hapo hapo, akazunguka kwa wamama wote ambao maji yalichukua mtu wao. Aliwaambia kwamba zamani, mama yake alipokuwa hai, watu hawakuachwa na kilio tumboni namna hii. Walitoka pamoja, wakatembea mpaka mahali ambapo mto hausikiki tena, wakalia huko yote waliyokuwa nayo, wakarudi. Desturi ile ilikuwa imekufa wakati wa vita, watu walipoogopa njia. Mwiko ulibaki, dawa yake ikasahauliwa. Hilo ndilo kosa letu, nami sijui kama kuna watu wengine duniani waliowahi kulifanya.

Tuliondoka alfajiri kwa njia ya Lusangi. Wamama sita, Mama akiwa mmoja wao, kisha Koko, mimi na Neema. Koko alimkagua kila mmoja. Hairuhusiwi kubeba maji ya mto, hata tone, kwa sababu yangesikia na kupeleka habari. Mmoja alikuwa na bidoni ndogo ya maji, ikamwagwa. Uji wa Neema nao uliachwa, maana ulipikwa kwa maji ya Luama. Tukatembea na kiu.

Kwenye kona ya kwanza Koko alisimama, akaniita mbele ya wote.

"Feza. Masikio yangu ilinikataa ile siku. Siyaamini tena. Wewe njo utatuambia."

Sikuwahi kupewa heshima kubwa namna ile, na sikuwahi kuogopa namna ile. Nilifumba macho. Mto ulikuwa wazi kabisa, hapo nyuma ya miti.

"Bado naisikia, koko."

Tukaendelea. Penye magofu ya ghala la zamani la pamba tulisimama tena, na bado nilisikia, kwa mbali. Tukapanda kilima. Juu yake palikuwa na upepo na ndege, na wamama walianza kutandika vitenge vyao chini, tayari kulia. Wakaniangalia. Nikafumba macho, nikasikiliza, na mto ulikuwepo. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo.

"Bado."

Hawakubisha. Walifunga vitenge upya, wakaendelea. Jua lilipanda. Tulivuka kijito kikavu, tukapita mashamba ya watu tusiowajua, na kila tuliposimama nilisema bado. Leo naelewa kwamba hakuna masikio ya binadamu yangeweza kusikia Luama kutoka kule. Siku ile nilisikia. Niliusikia unapita juu ya mawe, na niliisikia sauti yangu mwenyewe ndani yake ikiita njo tule. Kama ningekosea, mara ijayo maji yasingesimama kizingitini.

Neema alikuwa amelia mpaka sauti ikapotea. Mahali fulani pasipo jina, kwenye matete kando ya njia, Mama aliketi ghafla. Akafungua nguo, akampa titi. Neema alivuta, akaachia, akafungua mdomo kulia na sauti haikutoka. Mama aliinua uso akanitazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Feza?" Koko akaniuliza. "Hapa je?"

Nilisikiliza. Mto ulikuwa bado unapita kichwani mwangu.

"Siisikii," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, koko. Iko kimya."

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Mama hakuanza kwa kulia, alianza kwa kuongea. Alimwambia Omari kwamba asubuhi ile alimpiga kwa sababu alimwaga mawese, na kwamba mawese hayakuwa kitu. Alimwambia shati lake la bluu lilipatikana kwenye matete, amelificha, hakumwonyesha mtu. Alimwambia alimwacha na homa kwa sababu mihogo ilikuwa inaoza shambani. Halafu sauti ikampasuka, akaanguka kifudifudi na Neema kando yake, na wale wengine wakamfuata, kila mmoja na jina lake. Koko alikuwa amesimama peke yake katikati ya barabara.

"Sikusikia, mwanangu," alisema. "Sikusikia. Nilikuwa pale na sikusikia."

Mama aliinuka kwa magoti na mikono, akaenda hivyo mpaka kwa mama yake, akamkumbatia miguu. Wakakaa chini pamoja kwenye vumbi. Hicho ndicho nilichokiona nikiwa na miaka tisa, nikimpakata Neema. Wote walilia isipokuwa mimi, kwa sababu mimi nilikuwa zamuni. Nilikuwa nasikiliza kama mto unakuja.

Tulirudi jioni, tukanywa kwenye chemchemi ya watu wa kilimani. Singependa kusema kwamba maziwa yalirudi siku ile, maana hayakurudi. Yalirudi kidogo kidogo, wiki zilizofuata, pamoja na usingizi wa Mama na ugomvi wake, maana alianza tena kutugombeza na sisi tukafurahi. Neema aliuona wakati wa jua. Leo ni fundi cherehani Kasongo na ana watoto watatu wenye kelele. Koko alikufa miaka michache baadaye kwa ugonjwa wa kawaida, na tulimlilia pale pale nyumbani.

Mimi nilimaliza shule nikiwa nasubiri mto urudi. Kila msimu wa mvua niliuangalia ule mto kama mtu aliyeiba anavyomwangalia askari. Hata tulipohamia Kasongo, kila maji yalipochukua mtu popote, niliuliza kwanza jina la kijiji.

Nadhani ndiyo maana nilichagua kazi hii. Mafuriko yakipita, tunatumwa kwenye vijiji kukaa na watu. Wenzangu hutafuta mahali pasafi pa kutandika turubai. Mimi huuliza wamama wazee swali moja, "Hapa munaliliaka wapi?", na mara nyingi mmoja huonyesha njia kwa kidevu. Tunavua majile, tunatembea nao. Sehemu nyingine ni mwiko kama wetu, sehemu nyingine ni tofauti kabisa, na pengine hakuna mwiko wowote, watu wanataka tu kuondoka mahali pale kwa saa chache. Jambo moja silikubali. Wakitaka kumpa mtoto kazi ya kusikiliza, nakataa, na nasikiliza mwenyewe.

Msimu wa mvua uliopita nilirudi kutoka safari kama hiyo, nikapita kwa Mama. Sasa ni mzee, anaishi karibu na soko la Kasongo, na pikipiki zinapiga kelele mlangoni kwake kutwa nzima. Alikuwa anachambua mchele. Nilikaa kwenye mkeka, na jambo nililolibeba miaka yote likatoka bila kubisha hodi.

"Mama, ile siku ya njia ya Lusangi nilidanganya. Nilikuwa naisikia bado."

Hakuacha kuchambua. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Hata mi nilikuwa naisikia."

Nilidhani sikuelewa. "Sasa ulilia ya nini, Mama?"

Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje.

"Nilikuangalia. Ulikuwa mutoto, miguu imevimba, na ungetupeleka mpaka mwisho ya dunia. Maji ilikuwa imekwisha kubeba mutoto moja. Nikaona wewe unabebwa vilevile, na uko inchi kavu."

Alirudi kwenye mchele wake. Nilidhani maisha yangu yote kwamba nilimdanganya ili apate kulia. Mama aliamini mto unasikia, aliamini kabisa, kama Koko. Alikuwa na Neema pale chini na mimi mbele yake, hana mtoto mwingine wa kupoteza, na aliusikia unapita. Akalia hivyo hivyo, ili mimi nisimame, nisibebwe tena.